Mafuta Yasiyonuka Injini

Debre Markos, 8 Hidar 1987

Kaka Wubshet,

Maji ya rejeta ya pikapu yako yameingia mafuta. Ndivyo alivyosema fundi Seid jana alasiri, baada ya kufungua kifuniko na kuchovya kidole. Kidole kilitoka na utando wa rangi ya hudhurungi. "Haya si maji tena," alisema. "Huu ni mchuzi wa kunde. Umebaki kutiwa chumvi."

Nimeanza na gari kwa sababu najua ungeziruka salamu ukilitafuta. Sasa salamu. Mama hajambo, isipokuwa magoti. Nafaka ya teff imekatwa, haijapurwa. Mbwa wa jirani amekufa na hakuna anayemlilia. Mama anauliza utakuja lini. Ameniambia niliandike swali hili mahali ambapo hutaacha kuliona, basi nimeliweka hapa katikati.

Ilikuwa hivi. Dereva wako Gedlu alipakia viazi na abiria wanne kwenda Goha Tsiyon. Kuteremka bonde la Abay hakukuwa na shida. Walipovuka daraja na kuanza kupanda, mshale wa joto ukapanda nao. Alisimama, akaacha injini ipoe, akaendelea, akasimama tena. Mvuke ulitoka chini ya boneti mpaka mama mmoja mwenye kuku akamwambia, "Mwanangu, gari lako linachemka kuliko birika langu. Tia kahawa humo tunywe."

"Lete vikombe, mama," Gedlu akamjibu.

Walifika giza limeingia. Kurudi, alikuja polepole akiongeza maji ya mtoni.

Seid anadhani gasketi ya silinda hedi imeliwa, na mafuta yanapita upande wa maji. Kinachomtatiza ni kwamba oili ya injini yenyewe ni safi, haina tone la maji. Amemwaga ule mchuzi, ameosha mfumo kwa maji ya moto na sabuni ya unga, ametia maji mapya. Anasema mafuta yakirudi, itabidi kufungua hedi. Nasubiri neno lako.

Mdogo wako,
Asnakech


Jibuti, 3 Tahsas 1987

Mdogo wangu Asnakech,

Barua yako imekaa kama taarifa ya habari ya redio. Nilikuwa nangoja mwisho usome bei za nafaka. Nafurahi mko wazima. Mpe Mama pole ya magoti na umwambie nimempata mtu wa kumletea dawa ya kuchua. Mimi nipo. Joto limepungua kidogo, kazi bandarini haijapungua. Meli ya ngano imekaa nje wiki nzima kwa sababu hakuna pa kuifunga, na lawama zote ni za sisi makarani. Usiku silali vizuri, mtoto ana homa.

Sasa gari. Nimelisoma ulilosema kuhusu oili mara mbili. Gasketi hailiki yenyewe. Gasketi inaliwa na joto, na joto linaletwa na dereva anayeona mshale umepanda akajidai haoni. Mimi nililiendesha gari hilo mlima huohuo miaka mitatu na halikunichemkia hata siku moja. Muulize Gedlu kama alisimama kabla ya mshale kufika juu au baada. Muulize kama alikuwa anakagua maji kila asubuhi, au alikuwa anapiga soga na wauza kuku.

Fungueni hedi. Badilisheni gasketi. Oili ikirudi baada ya hapo, sitahitaji fundi kuniambia kosa ni la nani.

Wubshet


Debre Markos, 2 Tir 1987

Kaka Wubshet,

Heri ya Krismasi ya Genna iliyopita. Tulichinja kondoo mdogo, Mama akala kipande kimoja kwa ajili yako, akasema nyama ya mwaka huu haina ladha. Dawa ya kuchua ilifika na anaitumia. Amesema asante. Amesema pia kwamba swali lake halikuwa la dawa.

Barua yako nilimsomea. Mstari mmoja niliuruka, ule wa homa ya mtoto tusiyemjua. Nadhani unajua kwa nini. Sitauliza, ila ukitaka kusema, karatasi haijaisha huku.

Hedi ilifunguliwa. Gasketi ya zamani ilikuwa nzima. Seid aliiinua kwenye mwanga mbele yangu na mbele ya Gedlu, akaipitishia kidole pande zote. Haikuwa na alama ya kuungua wala mahali palipopasuka. Aliweka mpya kwa sababu ya zamani ikishatolewa hairudishwi. Alipima hedi kwa rula ya chuma, haijapinda.

"Basi mafuta yalitoka wapi?" nikamuuliza.

"Ningekuwa najua, dada, nisingekuwa na mikono michafu hivi."

Nilimuuliza Gedlu maswali yako yote, neno kwa neno, hata lile la wauza kuku. Alijibu kwamba anakagua maji kila alfajiri. Alisimama kabla mshale haujafika alama nyekundu. Kisha nikamuuliza kama kuna mtu mwingine anayeligusa gari. Akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa safi.

"Gedlu, nimekuuliza."

"Sina la kusema, Asnakech. Mwandikie kaka yako kwamba Gedlu hana la kusema."

Nimeandika kama alivyotaka, ingawa najua jinsi litakavyosikika kwako.

Gari lilikwenda vizuri wiki mbili. Jana, siku ya pili baada ya Genna, lilichemka kabla hata ya kufika Dejen. Seid amefungua kifuniko. Mchuzi umerudi.

Mtu huyu ametumikia nyumba hii miaka sita. Kabla hujaamua, kumbuka hilo.

Asnakech


Jibuti, 21 Tir 1987

Asnakech,

Salamu kwa Mama na kwa wote. Mimi mzima.

Mtu asiye na hatia ana la kusema. Asiye na la kusema amekwisha kusema.

Chukua funguo kwa Gedlu. Mlipe haki yake yote, usimpunguzie hata senti, lakini asiliguse tena gari langu. Liegesheni uani mpaka nipate dereva mwingine au mnunuzi. Watu wakiuliza, sema ukweli: aliichemsha injini akaiua.

Usiniandikie tena kumtetea. Nimechoka, nina mambo mengi huku ambayo huyajui.

Wubshet


Debre Markos, 19 Yekatit 1987

Kaka Wubshet,

Mama mzima. Kesho Kwaresima inaanza, leo tunamaliza maziwa yote yaliyomo ndani. Teff imepurwa, mavuno ni ya kawaida.

Agizo lako lilifika na nililitekeleza tarehe 3. Gedlu aliweka funguo juu ya meza. Hakubishana. Alihesabu vifaa vya gari mbele yangu: jeki, spana, dumu la maji, kamba. Akaenda kumuaga Mama, akambusu goti.

"Unakwenda wapi?" Mama akamuuliza.

"Dejen, Mama. Nimepata kazi ya kupakia magunia ghalani."

"Dereva anapakia magunia?"

"Mgongo nao unataka mazoezi."

Nilichowaambia watu ni kwamba umeamua kuliuza gari. Uliyotaka niseme sikuyasema, lakini hayakuhitaji msaada wangu. Mjini wanasema Gedlu aliua injini ya Wubshet, na wenye magari wawili waliokuwa wanamtaka wamempata mtu mwingine. Ndiyo sababu anapakia magunia.

Sasa habari yenyewe. Kabla ya kuegeshwa, Seid aliosha tena mfumo mpaka maji yakatoka meupe. Alinionyesha kwenye bilauri. Tangu siku hiyo gari halijatoka uani. Funguo ninazo mimi, nalala nazo. Juzi alikuja mnunuzi kutoka Finote Selam kuliangalia, nikamwita Seid afungue boneti. Akafungua kifuniko cha rejeta. Juu ya maji palikuwa na mafuta, mabichi, ya manjano, hayajachanganyika na kitu.

Gari lisilowaka limetoa mafuta, kaka. Mnunuzi alicheka, akasema kama lina kisima basi analichukua kwa bei mara mbili. Seid hakucheka. Alichovya kidole, akanusa, akaninusisha na mimi.

"Dada, mimi ni Mwislamu, nisamehe nikikosea," akasema. "Lakini haya mafuta hayanuki injini. Yananuka kanisani."

Ni mafuta ya zeituni, yenye harufu ya ubani. Nayajua, na wewe unayajua. Tulipakwa hayohayo kwenye paji la uso kila tulipougua.

Seid alikaa juu ya tairi akasema jambo ambalo sijaacha kulifikiria. "Mimi nilisema mafuta. Wewe ukaandika mafuta. Kaka yako akasoma oili. Na mimi mwenyewe, fundi mzima, nikaenda kufungua hedi kutafuta oili."

Ndani ya kifuniko ameona pia ukoko mweupe, kama wa birika la zamani. Maji ya bombani hayaachi ukoko mwingi namna hiyo kwa miezi michache. Maji ya chemchemi ya baraka huacha.

Sijamwambia mtu yeyote. Nani ana dumu la maji ya baraka chini ya kitanda chake katika nyumba hii, sina haja ya kukuandikia. Nangoja useme tufanye nini, na zaidi, useme tufanye nini kuhusu Gedlu.

Asnakech


Jibuti, 9 Megabit 1987

Mdogo wangu Asnakech,

Nakusalimu sana. Natumaini mfungo haumchoshi Mama. Mlazimishe anywe uji wa mbegu za kitani hata kama anakataa. Huku wote wazima, na homa niliyokutajia ilikwisha. Mwanangu ana miaka miwili. Anaitwa Mikael. Mengine nitakueleza, si kwa barua.

Niliisoma barua yako nikiwa kazini, nikaikunja, nikaifungua tena. Sina la kukulaumu. Tufanye hivi. Mwambie Seid aoshe kila kitu upya, atoe na huo ukoko, abadilishe mipira yote ya maji kwa sababu mafuta huilainisha. Nimetuma gharama kwa mtu yuleyule wa dawa. Tafuta kifuniko cha rejeta chenye kufuli. Vipo, nimeviona huku.

Mama asiambiwe. Akijua kwamba ni yeye, hatalala. Anazeeka, mwache na imani yake.

Gedlu mwambie arudi. Mwambie gari limepona, kazi yake ipo, nitamwongezea mshahara. Sioni haja ya kutaja sababu. Umeniuliza kama nitamwandikia mimi mwenyewe. Hapana, umeuliza bila kuuliza. Jibu ni kwamba sijui nimwandikie nini. Mimi ni mkubwa wake, na yeye alinyamaza alipoulizwa. Kosa tumegawana.

Kaka yako,
Wubshet


Debre Markos, 26 Megabit 1987

Kaka Wubshet,

Barua hii anaileta binti wa jirani anayekuja Jibuti kwa treni, nimemwomba akukabidhi mkononi. Mama anafunga kama kawaida, uji anaunywa akiona hakuna anayemwangalia. Nimefurahi kumjua Mikael kwa jina. Mama bado hamjui.

Seid alianza kazi tarehe 15. Alikinga maji yote ya zamani kwenye madumu, hakumwaga tone. Alitoa thamostati ili maji ya moto yapite kila mahali bila kuzuiwa. Alijaza maji na sabuni, akawasha injini, akaacha ichemke kidogo, akazima, akafungua koki. Likatoka povu la kijivu. Akarudia mpaka povu likawa jeupe. Baadaye akatia mpira wa maji kwenye rejeta kutoka chini kwenda juu, kinyume cha njia yake, na hapo ndipo tope lilipotoka, madonge yenye ngozi kama ya maziwa. Siku ya pili alishughulikia ukoko kwa siki na maji moto. Nilimuuliza kwa nini hakuanza na siki. Akasema siki haiwezi kung'ata chokaa iliyofunikwa na mafuta. Mipira ya zamani ukiibonyeza ilibonyea kama mkate uliolowa. Yote ni mipya sasa. Nilipanda na gari mpaka juu ya mlima wa Abay, Seid akiendesha, na mshale haukufika nusu.

Kifuniko chenye kufuli sikutafuta. Hakitahitajika, na sababu ni hii.

Kila mahali hapa maji machafu ya gari humwagwa kwenye mtaro wa gereji, watu na punda wanapita juu yake. Seid, akijua ndani ya yale madumu kuna nini, alikataa. Alisema hawezi kukanyagisha baraka ya watu mtaroni. Nilimwambia amwage popote. Akasema popote ni wapi, yeye si wa dini hiyo, hajui sheria zake. Basi alifanya ambalo mtu mwenye adabu angefanya. Asubuhi nikiwa kazini alikuja nyumbani na madumu kwenye mkokoteni, akabisha hodi, akamuuliza Mama.

"Mama, samahani. Maji yako haya yamekwisha kutumika. Niyamwage wapi pasipokanyagwa?"

Nilimuuliza jioni kwa nini hakuningoja. "Ningekungoja wewe unipe ruhusa ya mali ya Mama?" akasema. Nikajua alikwisha kukisia ni ya nani.

Mama aliyatazama yale maji. Akamuuliza yametoka wapi. Seid akamweleza kila kitu, kwa upole, kuanzia gasketi. Mama akamwonyesha pembe ya uani nyuma ya ukuta, wakachimba shimo, wakayamwaga. Nilirudi nikamkuta amekaa jikoni bila kuwasha moto.

"Kila lilipochemka nilisema linaumwa," aliniambia. "Nikaliongezea. Likachemka tena, nikaongeza. Hakuna aliyeniambia."

"Kwa nini hukulipaka nje, Mama? Mlangoni, kwenye usukani?"

"Ugonjwa ulikuwa ndani." Kisha akasema, "Ni gari la mwanangu. Mwanangu mwenyewe simwoni nimpake."

Nimeandika maneno yake kama yalivyo. Hakulia, na mimi sikulia. Alitaka kujua jambo moja tu: kama Gedlu alijua.

Nilikwenda Dejen Jumapili kumuuliza. Nilimkuta amekaa juu ya magunia akila injera na shiro baridi. Nilimpa ujumbe wako wote, kazi, nyongeza, bila sababu kama ulivyotaka.

"Mwambie asante," alisema. "Magunia hayachemki."

"Ulimwona Mama akimimina?"

"Alfajiri ya sikukuu ya Mikaeli kwanza, kisha ya Genna. Alikuwa anaomba. Alikuwa analitaja jina la kaka yako, na langu."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini? Bwana Wubshet alikwisha amua mimi ni muongo. Ningemwambia ni mamake, angesema Gedlu amekosa wa kumsingizia, sasa amemgeukia mama mzee anayemwombea." Alikunja injera yake. "Nilijaribu mara moja. Nilimwambia, Mama, rejeta inataka maji ya bombani tu. Akaniambia nisiwe na imani haba."

Hatarudi kwa mshahara, kaka. Alinieleza bila hasira, kama mtu anayesema bei ya gunia. Mji mzima umemwita mwuaji wa injini, na wenye magari hawampi funguo. Nyongeza yako haifuti neno hilo. Anataka lifutwe mbele ya watu, na yule aliyelisema. Akikosa hilo, atabaki ghalani, na mgongo wake hautafika mwaka mwingine. Nimeuona anavyoinuka.

Nilirudi nikamweleza Mama, maana kumficha kulikwisha kuwa na hasara ya kutosha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi mkosaji ni mimi. Nitakwenda kumwomba msamaha na jiwe shingoni." Nilidhani anasema kwa uchungu tu. Kesho yake nilimkuta uani anapima mawe, moja moja, analiinua mpaka shingoni na kulirudisha. Alilochagua ni zito. Nilimwambia liko jepesi pale kando. Akasema jepesi ni la kosa jepesi.

Padri wake wa kuungama amemwambia kwa umri wake anaweza kusamehewa bila kubeba. Amemjibu kwamba Gedlu hakusamehewa kwa umri wake. Hataki nimbebee, anasema sikuwa mimi niliyemfukuza. Ni kweli, ingawa funguo nilichukua mimi.

Wewe unajua inavyokuwa. Atasimama mlangoni pa ghala, jiwe shingoni, kichwa chini, wapakiaji wote wakitazama, mpaka Gedlu aseme liweke chini. Gedlu atasema haraka, namjua. Lakini kutoka kituo cha basi mpaka ghalani ni mwendo wa kupanda, na magoti yake unayajua.

Hukumu haikuwa yake. Ilikuwa yako, na aliyeamriwa kuitekeleza nilikuwa mimi. Sikuandikii ili ulie wala ili utume kitu. Hakuna cha kutuma.

Tutakula Pasaka kwanza, tarehe 15 Miyazya. Tutaondoka Jumamosi tarehe 21, basi la saa kumi na mbili asubuhi. Nimekata tiketi tatu. Mama amesema ya tatu ni ya jiwe, maana hataki liwekwe juu ya paa pamoja na kuku. Mimi nimeikata kwa jina lako. Ukifika kabla ya saa hiyo, utakaa wewe, na jiwe utalipakata.

Asnakech